Salama, ila: uchambuzi wa kisa cha baridi kwenye mteremko wa Big Savage

Kisa hiki kilitokea alasiri moja ya katikati ya Aprili, mpakani mwa Pennsylvania na Maryland nchini Marekani, mimi na mke wangu tukiwa katika siku ya nne ya safari ya baiskeli kutoka Pittsburgh kwenda Washington. Ndani ya saa moja hivi, mke wangu, mwenye afya njema, aliyezoea baridi kuliko mimi, na ambaye begini mwake alikuwa na kila nguo aliyoihitaji, alifikia hatua ya kushindwa kufungua kifungo cha kofia yake, na nilipomsemesha kwa Kiswahili akanijibu kwa Kikinga, lugha ambayo anajua fika kuwa siielewi. Alipata nafuu siku hiyohiyo na safari tuliimaliza. Hata hivyo tumekirudia kisa hiki mara nyingi mezani kwetu, tukikipanga saa kwa saa, na ninakiandika kwa ruhusa yake na kwa masahihisho yake, kwa kuwa ndugu zetu wengi wanaoishi katika nchi za baridi wameanza kupenda safari za namna hii, na maelezo mengi wanayoyakuta yanahusu vifaa peke yake.

Njia, wasafiri na mpango

Safari yenyewe inaunganisha njia mbili. Ya kwanza, iitwayo Great Allegheny Passage, ina urefu wa kilomita 241 na inafuata reli za zamani kutoka Pittsburgh hadi Cumberland. Sehemu kubwa imemwagiwa changarawe laini ya mawe ya chokaa iliyoshindiliwa vizuri. Ya pili inapita ukingoni mwa mfereji wa Chesapeake na Ohio, au C&O kwa kifupi, kilomita 297 kutoka Cumberland hadi Georgetown mjini Washington, ambako nyumbu walikuwa wakivuta mashua za makaa ya mawe mpaka mfereji ulipofungwa mwaka 1924. Magari hayaruhusiwi kupita humo. Kwangu mimi, niliyejifunza baiskeli Tabora kwa kupenyeza mguu katikati ya fremu ya Phoenix ya baba kwa sababu kiti kilikuwa juu mno, wazo la kilomita 538 bila kufukuzwa na honi ya lori lilikuwa kama ndoto.

Umbo la njia ya kwanza ndilo linalobeba kisa kizima. Anayetoka Pittsburgh hupanda taratibu kwa kilomita 203, mwinuko ukiwa mdogo kiasi kwamba macho hayauoni na miguu tu ndiyo inayoutambua, mpaka afike mita 729 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima unaogawa maji: mvua inayodondoka upande wa magharibi huishia Ghuba ya Meksiko kupitia mito ya Ohio na Mississippi, na inayodondoka upande wa mashariki huteremka na mto Potomac hadi ghuba ya Chesapeake. Kutoka hapo njia hushuka kilomita 38 mfululizo hadi Cumberland, na kupoteza zaidi ya mita 500 za mwinuko. Kila mpanda baiskeli anayekuja kutoka Pittsburgh huuwaza mteremko huo kama malipo ya siku zote za kupanda. Nami niliuwaza hivyo, na niliusema kwa sauti kila siku, jambo ambalo nitalirudia.

Nilikuwa na umri wa miaka 52 na mke wangu 49. Tulikuwa tumekwisha kulala kwenye hema mara nyingi katika majira ya joto, lakini majira ya kuchipua hatukuwa tumeyajaribu; tulichagua Aprili kwa sababu ndipo likizo zetu zilipokutana. Mke wangu ni mwenyeji wa Makete, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mwezi wa Juni na Julai sakitu hutanda juu ya majani alfajiri na watu huketi jikoni wakizunguka moto mpaka jua lipande. Katika ndoa yetu, mambo ya baridi ni ya kwake kwa ujuzi. Mimi ndiye ninayelalamika. Dhana hiyo, ambayo sote wawili tulikuwa nayo bila kuihoji, ilikuwa na sehemu yake katika kilichotokea, kwa maana baridi ya Makete anayoijua yeye ni baridi kavu, inayokutana na mtu mwenye jembe mkononi au moto mbele yake. Baridi ya mtu aliyelowa, aliyekaa juu ya kiti cha baiskeli inayojiendea yenyewe, ni kitu kingine kabisa.

Kila mmoja alibeba kilo 17 hivi, zilizogawanywa katika mabegi mawili ya keria ya nyuma na moja la kwenye usukani. Tulikuwa na hema, mifuko ya kulalia ya manyoya, magodoro membamba ya kujaza upepo, jiko dogo la gesi, na kwa kila mtu sweta moja la sufu na soksi nene zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sweta na soksi hizo zilikuwa na sheria yake, tuliyoisoma mahali pengi na kuikubali: nguo za kulalia zibaki kavu, zisivaliwe mchana kwa sababu yoyote ile. Ni sheria nzuri. Siku ya nne ilitugharimu.

Kutoka Confluence hadi kileleni

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Tulilala karibu na West Newton, kisha Connellsville, kisha Confluence, mji mdogo ulio kwenye makutano ya mto Casselman na Youghiogheny, na usiku huo wa tatu kipimajoto kilichoning'inia kwenye zipu ya hema kilionyesha nyuzi 2. Tulilala fofofo. Ninalitaja hilo kwa sababu watu wanaosikia kisa hiki hudhani baridi ilitupata usiku, hemani, na ukweli ni kwamba usiku ndio uliokuwa sehemu salama ya siku: mtu yumo ndani ya mfuko mkavu, hakuna upepo, chini yake pana godoro linalomtenga na ardhi.

Manyunyu yalianza tukiwa tunakunja hema saa moja na nusu asubuhi, na hayakukoma mpaka jioni. Haikuwa mvua ya kumtisha mtu. Ilikuwa rasharasha ile ambayo kwetu mama huendelea kuanua nguo polepole na fundi baiskeli haondoki chini ya mwembe. Kipimajoto kilikuwa nyuzi 5, na siku nzima hakikupanda juu ya 6. Fulana ya mke wangu ya polista, aliyoisafisha jana yake, ilikuwa bado mbichi, hivyo akavaa fulana ya pamba kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kavu, na juu yake koti la mvua. Uamuzi huo ulichukua nusu dakika na hatukuujadili.

Kutoka Confluence hadi Meyersdale ni kilomita 48 za kupanda kando ya mto Casselman. Mwili unaokanyaga pedali kwa saa nne hutoa jasho hata kwenye baridi, na koti linalozuia maji kuingia huzuia pia jasho kutoka, kwa hiyo tulipofika katikati ya mchana fulana ya pamba ilikuwa imelowa kutokea ndani ilhali koti lilikuwa likifanya kazi yake barabara kwa nje. Kabla tu ya mji tulivuka daraja la Salisbury, mita 582 za chuma juu ya bonde lililo wazi, na upepo ukatupiga ubavuni hata tukashuka na kusukuma baiskeli. Hapo ndipo mke wangu alipohisi, kwa maneno yake ya baadaye, kama mtu aliyebandikwa kitambaa cha maji mgongoni.

Meyersdale tuliingia mgahawani. Mimi nilikula supu, mkate na viazi. Yeye alikunywa chai na kula nusu ya mkate wake, kwa kuwa nguo mbichi katika chumba chenye joto zilimkera na alitaka tuondoke haraka. Mji huo unajulikana kwa shira inayotengenezwa kwa utomvu wa mti wa mepo, na kila mwaka inapofika msimu wake hufanyiwa sherehe. Nilinunua chupa ndogo kwa ajili ya uji wa asubuhi, nikaitia kwenye begi la usukani. Tuliondoka saa saba na nusu mchana, tukapanda kilomita 13 zilizobaki, na saa tisa kasorobo tulikuwa chini ya kidaraja chenye michoro ukutani kinachoonyesha mahali maji yanapogawanyika.

Tulikaa pale dakika 25. Kulikuwa na kinga ya mvua, tulikuwa na furaha, tulipiga picha, tukawapigia watoto simu. Tulikuwa tumesimama, tumelowa jasho, kwenye nyuzi 4, na hakuna aliyefungua begi.

Mteremko

Kutoka kidarajani hadi handaki la Big Savage ni kama kilomita mbili na nusu. Handaki hilo lina urefu wa mita 1,004. Lilichimbwa kwa ajili ya reli mwanzoni mwa karne ya 20, na siku hizi milango yake hufungwa wakati wa baridi ili barafu isiliharibu, kisha hufunguliwa majira ya kuchipua yanapoanza. Ndani hakuna mvua, taa zipo, na hewa ni ya baridi ya pishini. Ukitokea upande wa pili, siku ya jua unaona safu za milima ya Maryland hadi macho yanapoishia. Sisi tuliona ukungu mweupe na njia nyembamba inayotumbukia ndani yake.

Nilichokuwa nimekisubiri siku nne kilikuwa mbele yangu, nikaachia breki. Baiskeli yenye mzigo hujiendea yenyewe pale, kilomita 20 hadi 25 kwa saa, bila kukanyaga. Kwa nyuzi 5 na mwendo huo, ngozi kavu iliyo wazi huhisi baridi ya karibu sifuri. Ngozi ya mke wangu haikuwa kavu, na maji huufyonza mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Papo hapo misuli ya miguu, ambayo kwa siku nne ilikuwa jiko lake, ilizimwa, kwa sababu mteremkoni haina kazi. Chakula cha kuiwasha tena hakikuwamo tumboni. Kwa hiyo katika dakika ileile upepo uliongezeka, joto la ndani likakatika na akiba ikawa imeisha, nami niko mita 200 mbele yake, kofia ya koti imeziba masikio, mgongo umemwelekea.

Kwenye alama ya mstari wa Mason na Dixon, mpaka wa majimbo hayo mawili uliopimwa kati ya 1763 na 1767, nilisimama kumsubiri. Alipofika nikamuuliza, "Mama, vipi?" Akasema, "Salama." Nikageuza usukani nikaondoka.

Kilomita nne mbele, kabla ya handaki fupi la Borden, niligeuka nikamwona akija kwa kupepesuka, gurudumu la mbele likichora nyoka kwenye changarawe. Hakufunga breki, aliburuza mguu mpaka baiskeli ikasimama ikiwa imeegemea nyasi. Alijaribu kufungua kifungo cha kofia yake mara tatu, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyebeba ndoo kwa muda mrefu, kisha akaacha mikono ianguke, akanitazama. Nilimuuliza kama anasikia maumivu. Alinijibu kwa Kikinga, maneno machache, kwa sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba hakujua kuwa amebadili lugha.

Ndani ya handaki la Borden

Madaktari huita hali hii haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Ngazi yake ya kwanza ina dalili zilezile nilizokuwa nazitazama: kutetemeka, mikono kushindwa kazi ndogondogo, ulimi kuwa mzito, hatua kuyumba, akili kuchelewa. Mtu anapoacha kutetemeka ilhali bado amepoa, au anapolala usingizi asiamshike, huo ni ugonjwa wa hospitali, na Marekani namba ni 911. Yeye alikuwa bado akitetemeka, kwa vipindi, na aliweza kushika kikombe na kumeza. Niliamua kushughulika pale pale. Tukikipitia kisa leo, mke wangu anaona ilinipasa kupiga simu kwanza kisha nishughulike, kwa kuwa sikuwa na njia ya kujua kama hali ingepanda au ingeshuka, na kwa hilo ninakubaliana naye kabisa.

Handaki la Borden lina mita zisizofika 300, halina taa, lakini ni kavu. Upepo hupita ndani yake kama kwenye bomba, hivyo nililitandaza turubai la juu la hema likatufunika sote wawili kama shuka, nikamketisha juu ya mabegi na godoro lililokunjwa ili asiguse ardhi. Nilimvua koti na fulana ile ya pamba, nikamvisha sweta la sufu kwenye ngozi, kofia ya sufu, soksi kavu, nikamwingiza kwenye mfuko wa kulalia. Sikumsugua mikono wala miguu, ingawa ndicho kitu ambacho mikono yangu ilitaka kufanya. Damu ya baridi ya pembeni haipaswi kusukumwa kwa haraka kuelekea moyoni, na joto hutakiwa kuanzia kifuani.

Jiko lilinipa taabu. Gesi ya butani karibu na nyuzi sifuri hukosa nguvu ya kutoka, na mwali ulikuwa mdogo kama wa kibatari. Niliuweka mtungi ndani ya shati langu, tumboni, kwa dakika chache, kisha nikawasha tena nje ya turubai, na nusu lita ya maji ikachukua dakika 11. Wakati tunasubiri nilikumbuka shira ya Meyersdale. Niliimimina kwenye kifuniko cha chupa ya maji, akaishika mwenyewe kwa viganja viwili na kuinywa, kikapita kifuniko cha pili na cha tatu. Kutetemeka ni kazi ya misuli na inahitaji sukari. Mtu asiyekula hutetemeka kidogo tu, kisha hushindwa. Maji yalipochemka nilitia nusu kwenye chai yenye shira, na nusu kwenye chupa niliyoivisha soksi na kumwekea kifuani.

Baada ya robo saa alianza kutetemeka kwa nguvu, meno yakigongana, na baada ya dakika 40 akaniambia kwa Kiswahili, kwa hasira kidogo, kwamba chupa ya maji inamchoma. Hapo nikajua anarudi. Hatukupanda tena baiskeli. Tulitembea kilomita tatu zilizobaki hadi Frostburg tukizisukuma, kwa kuwa kutembea hutoa joto bila kuleta upepo, tukapanda kona za njia iendayo mjini na kupata chumba kwenye nyumba ya wageni. Hema halikukunjuliwa usiku ule.

Sababu, kwa uzito wake

Wanaosikia kisa hiki huanza na pamba. Ni kweli pamba iliyolowa haina msaada wowote kwenye baridi, na tangu siku ile haipo kwenye mabegi yetu. Wengine hutaja chakula, na hao wako karibu zaidi, kwa kuwa mtu aliyekula nusu mkate tangu uji wa saa moja hana cha kuunguza. Wengine husema tungesubiri Mei. Sikubaliani nao: mwezi haukuwa na kosa, na siku sita zilizofuata, baadhi zikiwa na baridi zaidi, hazikumdhuru mtu.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yote ilikuwa juu ya keria yake. Sweta kavu, soksi, kofia, mfuko wa kulalia, vyote vilisafiri nyuma ya mgongo wake uliokuwa ukiganda. Sheria ya nguo za usiku ilikuwa imemeza akili yetu, tukasahau kwamba nguo huhifadhiwa ili mtu apone. Dakika mbili za kubadili fulana chini ya kile kidaraja chenye michoro zingetosha, na kisa hiki kisingekuwapo.

Kwa nini basi dakika hizo mbili hazikupatikana? Hapa ndipo uchambuzi wetu ulipochukua jioni nyingi. Nilihesabu: tangu Meyersdale nilimuuliza hali yake mara tano. Mgahawani, njiani tukipanda, kidarajani, kwenye mdomo wa Big Savage, na kwenye alama ya Mason na Dixon. Kwa hiyo sikuwa mume asiyejali, na kwa muda nilijifariji kwa hesabu hiyo. Mke wangu ndiye aliyeivunja. Aliniambia kwamba sikuuliza hata mara moja. Nilisalimia mara tano.

Msemaji yeyote wa Kiswahili anajua namna hali zetu zinavyojibiwa. Mtu aliyefiwa jana, ukimuuliza habari, atasema "nzuri," kisha atatua kidogo, kisha atasema "ila," na baada ya "ila" ndipo habari yenyewe inapoanza. Jibu la kwanza ni adabu, ni mlango unaofunguliwa. Anayeuliza hutakiwa kubaki mlangoni. Nyumbani tunabaki, kwa sababu tumeketi, kwa sababu chai ipo, kwa sababu kuondoka kabla ya "ila" kungekuwa utovu wa adabu. Juu ya baiskeli mteremkoni muda huo haupo: nilisikia "salama" nikaachia breki. Pale kwenye mstari wa Mason na Dixon, anasema, alitamka "Salama, ila mikono," na neno "mikono" lilimwangukia mtu ambaye tayari alikuwa amegeuza mgongo.

Jambo la pili alilisema taratibu, na nililiandika kama alivyolisema: "Baba, ulikuwa unausubiri mteremko ule tangu Pittsburgh. Ningekusimamishaje kwa ajili ya fulana?" Alikuwa amezificha "ila" nne za mwanzo kwa ajili ya furaha yangu, na ya tano alipoitoa ilikuwa imechelewa kwa dakika 20. Tena alijiona mtu wa Makete, ambaye haifai awe wa kwanza kusema baridi mbele ya mtu wa Tabora. Sidhani kama kuna kosa katika upendo wa namna hiyo, lakini ulitubebesha hatari ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Kutoka Cumberland

Tulipumzika Frostburg siku moja nzima na hapo tukaweka utaratibu. Neno "vipi" lilipigwa marufuku njiani. Kila baada ya dakika 30, na kila kabla ya mteremko, mmoja husema "kidole," na mwenzake huondoa glavu na kugusisha dole gumba kwenye kidole cha mwisho cha mkono uleule. Mikono ikipoa kupita kiasi, tendo hilo huwa la kwanza kushindikana, na kidole hakina adabu ya kujibu salama. Asiyeweza kugusa husimamishwa, huvaa kikavu, hula kitamu, na hakuna mjadala.

Njia ya mfereji ni tambarare na udongo wake, baada ya mvua ile, ulinata kwenye madigadi kama ugali kwenye mwiko. Tulipita handaki la Paw Paw, mita 950 za giza na matofali, tukishika tochi mkononi na kusukuma baiskeli kwenye ukingo mwembamba. Kambi za kando ya mfereji ni za bure, usiku mmoja kila moja, zina choo, meza na pampu ya mkono. Mipini ya pampu hurudishwa kuanzia katikati ya Aprili, na mbili tulizozikuta zilikuwa bado hazina, hivyo tulijifunza kubeba maji ya usiku kutoka mjini. Usiku mmoja ulishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri, pumzi zetu zikaganda ndani ya hema, treni za mizigo zikapiga honi bondeni mpaka alfajiri, na asubuhi vidole vyote vinne vilijibu vizuri.

Siku ya nane, kati ya Hancock na Fort Frederick, mvua ilirudi. Nilikuwa nimechoka, nimeshika usukani kwa nguvu kwa sababu ya tope, na nilikuwa nafikiria kambi. Mke wangu alinifikia ubavuni akasema, "Kidole." Nilivua glavu. Dole gumba lilifika kwenye kidole cha pete likaishia hapo. Nilijaribu tena huku nikimweleza kwamba zimebaki kilomita nne tu.

"Nimekuuliza kidole," alisema, "sijakuuliza kilomita."

Tuliegemeza baiskeli kwenye mti. Nilivaa sweta la usiku saa nane mchana, mvua ikinyesha, nikanywa shira iliyokuwa imebaki kwenye chupa, na tukasukuma baiskeli kwa nusu saa kabla hajanikubalia nipande.